Mtwa na Mutwe: Jinsi Fuvu la Mkwawa Lilivyoingia katika Mapatano ya Versailles

Mapatano ya amani yaliyotiwa sahihi huko Versailles, karibu na mji wa Paris, tarehe 28 Juni 1919, yana vifungu 440. Ndani yake mna habari za mipaka ya mataifa, za majeshi, za merikebu, za makaa ya mawe, na za fedha nyingi mno ambazo Ujerumani ilitakiwa kulipa. Katika sehemu ihusuyo malipo hayo, msomaji akifika kifungu cha 246, hukuta jambo asilolitazamia kabisa: Ujerumani yaamriwa kuikabidhi Serikali ya Mfalme wa Uingereza, katika muda wa miezi sita, fuvu la kichwa cha Sultani Mkwawa, lililoondolewa katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na kupelekwa Ujerumani.

Kifungu hicho kina mambo mawili, na la kwanza laagiza kwamba Mfalme wa Hejazi arudishiwe Kurani ya Khalifa Uthman, iliyochukuliwa Madina na Waturuki na kupewa Kaisari Wilhelm II. Na kifungu kifuatacho, cha 247, chanena juu ya vitabu vya Chuo Kikuu cha Louvain vilivyoteketea kwa moto, na juu ya picha za altare za ndugu van Eyck na za Dierick Bouts, ambazo zilipasa kurudi Ubelgiji. Basi kichwa cha mtu wa Uhehe kimewekwa kati ya Kitabu cha Waislamu na altare ya Wakristo. Sijui kifungu kingine katika mapatano yale ambacho mtoto wa shule huku kwetu Igowole angeweza kukisikia akasema, "Huyu namjua."

Na kweli nilikuwa nikiwasomea watoto habari hii mwaka hata mwaka, nikimaliza daima kwa kusema kwamba fuvu lilirudi mwaka 1954, na sasa liko Kalenga. Hata siku moja kijana wa darasa la saba akasimama akaniuliza, "Mwalimu, walijuaje kuwa ni lake?" Nikamjibu kwa haraka kwamba wataalamu walilipima. Akauliza tena, "Walilipima na nini?" Hapo nikanyamaza, maana sikuwa nimejiuliza swali hilo kamwe. Makala haya ni jibu lililochelewa.

Kwanza neno kidogo juu ya lugha. Kwa Kihehe mtawala huitwa mutwa, nasi katika Kiswahili huandika Mtwa. Na kichwa huitwa mutwe. Sidai kwamba neno moja limezaliwa na jingine, ingawa nimewasikia watu wakilidai hilo kwa nguvu. Lakini masikioni mwa Mhehe maneno hayo ni majirani, na katika historia ya nchi hii yamekutana mara kwa mara. Hata mahali ambapo Mkwawa alipigana na Mwambambe kuupata utawala, baada ya kufa baba yake Munyigumba yapata mwaka 1879, huitwa Lundamatwe, na wazee hufasiri jina hilo kuwa ni mahali palipolundikwa vichwa. Jina lake mwenyewe kwa ukamilifu ni Mkwavinyika, nalo hufasiriwa kuwa ni mtekaji wa nchi. Wajerumani, ambao babu zetu waliwaita Wadachi, waliliandika mara nyingi Quawa.

Wadachi nao walipewa majina na watu. Emil von Zelewski, aliyeongoza jeshi kuja Uhehe mwaka 1891, aliitwa Nyundo, wala haihitaji kueleza kwa nini. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti mwaka ule jeshi lake lilikuwa likipita Lugalo, mashariki ya mahali ulipo mji wa Iringa leo, katika msururu mrefu mwembamba, mizinga ikibebwa juu ya punda, na Wahehe wamelala katika majani na mawe wakingoja ishara. Imesimuliwa kwamba ishara iliyowekwa ni mlio wa bunduki, na kwamba afisa mmoja wa Kijerumani aliona ndege akampiga risasi. Wahehe wakadhani ndiyo ishara yenyewe, wakainuka wote pamoja na mikuki yao. Kwa muda mfupi tu Nyundo alikuwa amekufa, pamoja na Wajerumani wengine tisa na askari na wapagazi wapatao mia tatu. Na Wahehe wakateka bunduki nyingi na mizinga. Wahehe nao walipoteza watu wengi, jambo ambalo nyimbo za shule husahau kulitaja.

Wadachi wakakaa miaka mitatu wakijiandaa. Tarehe 30 Oktoba 1894 jeshi la Gavana von Schele likaiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa iliyozungukwa na ukuta. Ngome kwa Kihehe ni lilinga, na neno hilo ndilo lililozaa jina la Iringa. Wadachi walipojenga boma lao jipya mwaka 1896, mwendo wa saa chache kutoka pale, walilichukua na jina likahama pamoja nao. Hivyo mji wa Iringa waitwa kwa jina la ngome ya mtu ambaye boma hilo lilijengwa ili kumkamata.

Aliyelijenga boma hilo ni Kapteni Tom von Prince, naye watu walimpa jina la Bwana Sakarani, yaani mlevi, ila si ulevi wa pombe walioukusudia, bali wa vita. Bwana huyo alilipenda jina lake! Alipoacha kazi ya jeshi akafanya shamba huko Usambara, aliliita shamba hilo Sakarani. Nalo baadaye likawa mali ya watawa Wabenediktini, na jina limedumu hata leo. Wapadre wanaopita huko hawatakosa kutabasamu wakijua kwamba wamelala katika nyumba ya "Mlevi". Yeye mwenyewe aliuawa katika vita vya Tanga, Novemba 1914.

Von Prince alijaribu kwanza njia ya hila. Desemba 1896 alimtawaza Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kuwa Mtwa mahali pake, akitumaini kwamba Wahehe watamwacha mkimbizi. Hawakumwacha. Watu waliendelea kumpelekea chakula na habari usiku, na Februari 1897 Wadachi wakamnyonga Mpangile waliyemtawaza kwa mikono yao wenyewe, wakimshitaki kwamba alimsaidia ndugu yake. Utawala wake haukufikia miezi mitatu. Ikatangazwa zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Naomba msomaji aangalie neno hilo, kichwa. Maana katika vita vingi ni namna ya kusema tu, bali katika habari hii lilifanywa jambo lenyewe.

Tarehe 19 Julai 1898 sajini mmoja wa Kijerumani, jina lake Merkl, alimkamata kijana aliyekuwa akimtumikia Mtwa, naye akasema kwamba bwana wake ni mgonjwa na amelala si mbali. Walipokuwa wakienda walisikia mlio wa bunduki. Wakafika Mlambalasi, wakaona watu wawili wamelala kando ya moto. Merkl akampiga risasi mmoja wao, akidhani amelala usingizi. Walipomkaribia wakaona kwamba ni maiti. Mkwawa alikuwa amejiua mwenyewe, na mwenzake amekufa kabla yake. Sajini akaamuru askari akate kichwa, akakipeleka Iringa kwa Sakarani. Mwili ukazikwa Mlambalasi.

Nimeitembelea Mlambalasi mara mbili. Pana pango la mawe karibu na kaburi, ambamo wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua mifupa ya watu wa zama za mawe, watu wa maelfu ya miaka kabla hawajakuwapo Wahehe wala Wabena. Wale wa kale wote wamejulikana zaidi kwa mifupa yao kuliko kwa majina. Mkwawa ana jina kubwa, na mifupa yake ndiyo yenye fumbo. Lakini niendelee.

Kutoka siku ile kichwa kilipofikishwa Iringa, ushahidi wa njia yake unakatika. Hapana hati iliyotolewa ionyeshayo kwamba kilipakiwa katika merikebu fulani, kikapokelewa na fulani, kikapewa namba fulani. Zamani zile wataalamu wa Ulaya walikuwa wakikusanya mafuvu ya watu wa makoloni kwa mamia, wayapime na kuyapanga mataifa ya wanadamu kwa ukubwa na umbo la mifupa. Hivyo haikuwa ajabu watu kuamini kwamba na hili limekwenda huko. Ila kuamini si sawa na kuona. Mapatano ya Versailles yalisema kwa uhakika kwamba fuvu lilipelekwa Ujerumani, na wengi tulisoma uhakika huo kana kwamba ni ushahidi.

Wazo la kulitia fuvu katika mapatano lilitoka kwa Horace Byatt, aliyekuwa akiitawala nchi hii kwa niaba ya Waingereza baada ya Wadachi kushindwa. Novemba 1918 aliiandikia Serikali yake akiomba fuvu lidaiwe. Sababu zake zilikuwa mbili: Wahehe waliwasaidia Waingereza katika vita, nao wangefurahi; tena kila mtu angeona kwa macho yake kwamba nguvu za Wadachi zimevunjika. Neno la kutubu au la haki ya marehemu halimo katika sababu hizo. Lakini hatuwezi kulidharau ombi lake kwa ajili hiyo, maana bila yeye mataifa makubwa yasingalilitaja jina la Mtwa hata mara moja.

Mapatano yalianza kutumika tarehe 10 Januari 1920. Kwa hiyo miezi sita ilikwisha Julai mwaka ule ule. Fuvu halikuja. Wajerumani walijibu kwamba wametafuta wala hawakuliona, na Waingereza, wakiwa na madai mengine makubwa zaidi, wakaliacha jambo lilale. Likalala zaidi ya miaka thelathini, na vita vingine vikuu vikapita juu yake.

Aliyeliamsha ni Sir Edward Twining, Gavana wa Tanganyika tangu 1949 hata 1958. Bwana huyu alikuwa na mapenzi ya pekee kwa mataji na vyombo vya kifalme. Baadaye aliandika kitabu kizima juu ya mataji ya wafalme wa Ulaya. Mtu wa namna hiyo hakushindwa kufahamu fuvu la Mtwa lina maana gani kwa watu wake. Alipata habari kwamba katika nyumba ya makumbusho ya Bremen kuna mafuvu kama 2,000, na kati yake 84 yalitoka Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Kabla hajasafiri alipima vichwa vya jamaa za Mkwawa walio hai, akiwemo mjukuu wake, Mtwa Adam Sapi Mkwawa. Mwaka 1953 akaenda Bremen.

Sasa nafika kwenye swali la yule kijana: walipima na nini? Walitumia hesabu ambayo mwalimu yeyote aweza kuifanya ubaoni. Chukua upana wa kichwa, uzidishe kwa 100, kisha ugawanye kwa urefu wake kutoka paji la uso hata kisogo. Kichwa chenye upana wa sentimita 14 na urefu wa sentimita 20 hupata 70. Jamaa za Mkwawa walipata 71 hivi, yaani vichwa vyao ni virefu na vyembamba. Twining akatenga mafuvu yenye hesabu iliyo karibu na hiyo, na kati ya hayo akaona moja lenye tundu la risasi. Akakumbuka risasi ya Merkl. Akalichagua hilo.

Nimewapa wanafunzi wangu hesabu hiyo, tukapimana darasani kwa rula mbili na kamba. Kati ya watoto arobaini na wawili, tisa walipata 71 au karibu nayo, na miongoni mwao wamo watoto wa Kihehe, wa Kibena na wa Kikinga, na mmoja ambaye baba yake ametoka Usukuma kufanya kazi katika mashamba ya chai. Rula zetu si za kitaalamu, lakini kijana yule alifahamu upesi kuliko mimi: hesabu hii yaweza kumwondoa mtu asiyehusika, haiwezi kumtaja mmoja. Tena kichwa cha mtu aliye hai kina ngozi na nyama na nywele, na fuvu ni mfupa mtupu. Vipimo vyake havilingani sawasawa. Na tundu la risasi je? Mafuvu yaliyochukuliwa katika nchi hii zamani za Wadachi, mengi yalikuwa ya watu waliokufa vitani au walionyongwa. Kuona tundu la risasi katika fuvu la namna hiyo kwahuzunisha, bali hakushangazi.

Ndiyo maana waandishi wa historia wa siku hizi, Waafrika kwa Wazungu, wamelitilia shaka fuvu la Bremen. Hawasemi kwamba Twining alidanganya. Wasema kwamba alitafuta kitu alichohitaji sana kukipata, naye akakipata. Na haja ilikuwako. Nchi jirani ya Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952, na Serikali ya Kiingereza ilitamani sana kuona makabila mashujaa yakiwa upande wake.

Fuvu likakabidhiwa kwa Wahehe tarehe 19 Juni 1954 huko Kalenga, mbele ya makutano makubwa sana. Gavana akatoa hotuba. Mtwa Adam Sapi akalipokea. Mzee mmoja wa kanisa letu, aliyekuwa mtoto siku ile, alinisimulia kwamba hakuona kitu ila migongo ya watu, na kwamba ghafula wanawake waliokuwa mbele wakaanza kulia kilio cha matanga, kana kwamba Mtwa amekufa asubuhi ile. Na kilio kikaja nyuma kama upepo katika mtama hata kikamfikia yeye, akalia naye asijue alilialo. Nilimwuliza kama alifikiri fuvu lile ni lenyewe. Akanitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, sisi tulikuwa hatujamlilia."

Siku kumi na nane baada ya hapo, tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kikaanzishwa Dar es Salaam. Na huyo Adam Sapi aliyelipokea fuvu kwa mkono wa Gavana, miaka minane baadaye akawa Spika wa Bunge la Tanganyika huru, akakaa katika kiti hicho, pamoja na kipindi kimoja kifupi cha mapumziko, hata mwaka 1994. Kama Waingereza walitumaini kwamba fuvu litawafunga Wahehe kwao, tumaini hilo halikuishi muda mrefu.

Huenda wako wasomaji watakaosema kwamba afadhali mambo haya yasifukuliwe, kwa kuwa watu wametulia. Nimeliwaza hilo, na ningenyamaza kama lingehusu Mkwawa peke yake. Lakini halimhusu yeye peke yake. Huko Songea, Wangoni wanakitafuta kichwa cha Nkosi Songea Mbano, aliyenyongwa na Wadachi mwaka 1906 wakati wa vita vya Maji Maji. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta. Na mwezi wa Septemba mwaka huo huo, wataalamu wa Berlin, ambako kuna mafuvu yapatayo 1,100 yaliyotoka Afrika ya Mashariki, walitangaza kwamba wamelinganisha vinasaba vya baadhi ya mafuvu hayo na vya watu walio hai, wakaona kwamba wengine ni wa damu moja na jamaa wa Kilimanjaro. Kinasaba ni ile alama ndogo sana ndani ya mwili ambayo mtoto huirithi kwa wazazi wake. Nacho, tofauti na hesabu ya 71, chaweza kusema kwamba huyu ni wa ukoo huu.

Basi familia nyingi katika nchi hii zitaletewa mafuvu katika miaka ijayo, na zitauliza swali lile lile la mtoto wa Igowole. Mwalimu na padre ndio watakaoitwa waeleze barua, na wakati mwingine waombe juu ya kaburi. Ni heri wajue tofauti kati ya kipimo na uthibitisho kabla hawajaitwa. Fuvu la Kalenga kama ni la Mkwawa au la mtu mwingine aliyeuawa katika vita vile vile, kipimo cha vinasaba chaweza kulifunua. Kufanya hivyo au kutofanya ni neno la ukoo wake, wala si letu kuwasukuma.

Mimi sasa hufundisha somo hili kwa siku mbili. Siku ya kwanza nawasimulia habari za Lugalo, za Kalenga na za Mlambalasi. Siku ya pili naleta rula na kamba. Mwaka jana tulikwenda na watoto hata Kalenga, tukasimama mbele ya kioo ambamo fuvu limewekwa. Yule kijana, ambaye sasa yuko sekondari, alikuja nasi kwa kuwa nilimwalika. Wenzake walipokuwa wakisukumana wapate kuona tundu, yeye alivua kofia yake. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, "Umekubali kwamba ni yeye?" Akasema, "Hapana, Mwalimu. Lakini ni mtu."